Seli Zilizoikumbuka Ebola

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai zisizoonekana kwa jicho tupu. Katika damu zimo zilizo kama walinzi: zikiisha kupigana na ugonjwa, humkumbuka adui miaka mingi.

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, ikaua watu 8 katika kila 10 waliougua. Miaka 11 baadaye, mmoja wa waliopona alitoa damu yake. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, pamoja na wataalamu wa Marekani na Uswisi, wakazitafuta humo seli zenye kukumbuka. Lakini seli kama hizo zikitolewa mwilini hufa upesi, hata zikilishwa. Basi wakazitia virusi vya aina nyingine, vinavyozifanya ziendelee kuzaana. Kisha wakazigawa katika vishimo vidogo vya sahani, mithili ya mkulima atengaye miche, ili ijulikane kila uzao watoa kinga gani. Kinga moja ilipita nyingine, ikaitwa mAb114.

Je, ilifaa? Tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019 ilijaribiwa kwetu Kivu ya Kaskazini: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Katika wagonjwa 100 waliopewa walikufa 35 hivi. Kwa dawa ya kwanza, ZMapp, walikufa 50 hivi. Sisi wa Majengo twakumbuka Julai 2019, Ebola ilipofika Goma. Wenye kuogopa kutolewa damu na wajue dawa hii ilitoka wapi. Tena, waliowahi kituoni walipona zaidi. Kila siku ya kukawia iliongeza hatari ya kufa.