Mkopo wa Simu: Faida na Hasara Zake

Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, simu ya mkononi iligeuka kuwa mkoba wa fedha. Kufikia mwaka 2012, mkoba huo ulikuwa umeanza kukopesha. Faida yake haipingiki: mchuuzi wa mboga asiye na hatimiliki wala mdhamini aweza kupata mtaji kabla ya mapambazuko.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 1,000 unaotozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada ni shilingi 75 tu. Lakini anayelipa na kukopa upya kila mwezi, baada ya miezi 12 atakuwa ametoa ada ya shilingi 900, ilhali zile 1,000 hazijawa zake.

Hasara ya pili yahusu faragha. Baadhi ya programu huomba ruhusa ya kusoma namba zilizohifadhiwa simuni, ili mkopaji akichelewa, jamaa na mwajiri wake wapigiwe simu. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinakataza mwenendo huo.

Kwa hiyo tunakushauri, kabla ya kukopa, uhakikishe kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, usome jumla ya malipo badala ya kiasi unachopewa, na uinyime programu ruhusa isiyohusiana na mkopo. Ukisumbuliwa, hifadhi ujumbe uliotumiwa. Huo ndio ushahidi wa malalamiko yako.