Mei Mosi nenda na pesilipu yako

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa mkataba katika zahanati moja ya kaunti hapa Mombasa. Nina miaka 31 na mtoto mmoja. Mei Mosi mwaka huu ni Ijumaa. Wenzangu wamepanga twende uwanja wa Tononoka kwenye sherehe za wafanyakazi, hotuba ya serikali ikianza tupige filimbi, kisha tutoke tuandamane hadi mjini kumtaka Rais aondoke. Wamechapisha fulana za "Wantam" na yangu wameniletea hadi nyumbani. Rais simpendi, sikufichi. Kila mwisho wa mwezi nikifungua pesilipu hupandwa na hasira. Lakini mkataba wangu unaisha Juni. Baba yangu, mstaafu wa bandari, ameapa kwamba nikiivaa hiyo fulana nisirudi kwake kumchukua mtoto. Wenzangu nao wanasema atakayebaki nyumbani ni msaliti. Fulana iko chini ya godoro. Nifanye nini?*
*— Muuguzi, Changamwe*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye hilo godoro. Aliyeamua kwenda angekuwa ameshaipiga pasi fulana yake. Aliyeamua kubaki angekuwa ameshaigawa. Wewe unailalia. Hebu tuitoe tuitazame.

Kwanza baba yako. Usimwone mwoga. Amefanya kazi bandarini, na bandari ya Mombasa ina kumbukumbu ndefu. Januari 1947 makuli, watu wa reli na wapishi wa mahotelini, wafanyakazi kama 15,000, waliweka kazi chini na mji ukasimama. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1950, Makhan Singh wa vyama vya wafanyakazi alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Mei ya mwaka huo huo alikamatwa pamoja na Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na Singh hakurudi kwa watu wake hadi 1961. Kwa hiyo wenzako wanaosema madai ya mshahara na siasa hulala kitanda kimoja hawajakosea. Na baba yako anayeuliza nani atakayelipa gharama hajakosea pia. Sote tuliona maandamano ya Juni 25, 2024: Mswada wa Fedha uliondolewa siku iliyofuata, lakini kuna nyumba ambazo vijana wao hawakurudi. Baba yako anapokukataza mtoto, anakuogopea wewe. Ameshindwa tu kulisema kwa upole.

Sasa nikwambie kisa. Nilipokuwa msichana, marehemu baba alikuwa akienda Tononoka kila Mei Mosi. Mwaka mmoja alirudi jioni na fulana ya chama iliyomfika magotini, chupa ya soda mkononi, na habari njema: mshahara umepandishwa. Mama alikuwa akikuna nazi. Hakuinua hata uso, aliuliza tu: "Inaanza lini?" Baba hakuwa na jibu. Kule uwanjani walishangilia asilimia, hakuna aliyeuliza tarehe.

Swali la mama halijazeeka. Mei Mosi 2024, pale Uhuru Gardens, Rais William Ruto alitangaza nyongeza ya asilimia 6 kwenye kima cha chini cha mshahara. Amri yenyewe ilianza kufanya kazi Novemba 1, miezi sita baadaye. Tena kima cha chini ni cha anayelipwa chini yake. Muuguzi wa kaunti hakimgusi. Kinachokugusa wewe kiko kwenye pesilipu: asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba, na tarehe ya mkataba wako kuisha. Makato hayo yamo katika sheria zilizopita bungeni. Rais akiondoka kesho, Jumatatu yatakatwa vile vile. Filimbi inaweza kumnyamazisha msomaji wa hotuba, lakini haiwezi kumuuliza kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nenda, ila nenda na pesilipu, si na hiyo fulana. Nitakueleza kwa nini, na kwa masharti gani.

Angalia rosta kwanza. Wagonjwa hawana sikukuu. Ukiwa zamu siku hiyo, mjadala umekwisha. Ukiwa huru, vaa fulana ya chama chako cha wafanyakazi. Ibara ya 37 ya Katiba inakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha, na Ibara ya 41 inakulinda ndani ya chama. Sheria ya Ajira nayo haimruhusu mwajiri kukufuta kazi kwa sababu wewe ni mwanachama. Lakini wewe ni wa mkataba, na hapo ndipo penye shimo: mkataba ukiisha hakuna anayekufuta, hupigiwi simu tu. "Wantam", yaani muhula mmoja tu, ni kampeni ya 2027 hata kama aliyeivaa hana kadi ya chama chochote cha siasa, na mtumishi wa umma anatakiwa asionekane ana upande. Usimpe mtu kisingizio cha bure. Hasira yako juu ya Rais utaitumia debeni, ambako hakuna anayekuomba barua ya kazi.

Kuhusu kutoka uwanjani na kwenda mjini, waulize wenzako swali moja: nani amepeleka notisi polisi? Sheria inamtaka mwandalizi aiwasilishe kituoni siku tatu hadi kumi na nne kabla. Notisi ni taarifa, si kuomba ruhusa. Wakikutazama bila jibu, wewe ishia Tononoka. Na jambo hili wengi hawalijui: aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, anangojea siku ya mahakama inayofuata. Ukishikwa Ijumaa ya Mei Mosi, unaweza kulala seli hadi Jumatatu. Mtoto atalala wapi? Usiende kabla hujawa na jibu, na kabla hujakariri namba ya simu ya katibu wa tawi lenu. Simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Kabla ya siku yenyewe, kaeni wauguzi wa mkataba, hata mkiwa watano. Andikeni ukurasa mmoja: tuko wangapi, tumefanya kazi tangu lini, tunadai ajira ya kudumu, inaanza lini? Tieni sahihi, mumpe kiongozi wa chama mbele ya watu, nakala mbaki nayo. Karatasi yenye sahihi humfuata mtu hadi ofisini.

Ukiona moyo umekataa kabisa, baki nyumbani, na usikubali kuitwa msaliti. Aliyetia sahihi ameshahudhuria.

Nenda kwa baba yako kabla ya Ijumaa. Usiende kubishana. Mwambie utatoka saa ngapi, utakaa na nani na utarudi saa ngapi, kisha muulize migomo ya bandarini enzi zake ilikuwaje. Wazee wa bandari hawajibu wakibishiwa, lakini wakiulizwa huongea hadi chai ipoe.

Na hiyo fulana mrudishie aliyekuletea, mkononi, mchana, umwambie sababu. Ukiweza kumtazama rafiki yako usoni ukamwambia huivai, hata msomaji wa hotuba kule Tononoka utaweza kumuuliza: inaanza lini?