Kifungu Kimoja, Jina Moja: Kusoma Neno Hadi Umpende Mtu

Kusoma Biblia kila siku peke yake hakumfanyi mtu awapende wenzake. Nayasema haya nikiwa mtu ninayeisoma kila asubuhi na ninayetamani wengi zaidi waisome. Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo wengi, makanisa yakijaa kila Jumapili, na bado watu waliuawa ndani ya makanisa hayo hayo, wengine na waumini wenzao. Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuna ruhusa ya kuiona hiyo kuwa habari ya mbali, maana vita vya majirani zetu vimetuletea watu hadi mlangoni. Kwa hiyo namuuliza msomaji wa Neno swali moja: unaposoma, unamtafuta nani? Ninachokiamini ni kwamba tafakuri huzaa upendo inapoishia kwenye jina la mtu mmoja ambaye moyo wako haumtaki.

Utaratibu ninaoufuata ni mwepesi kuueleza, mgumu kuutimiza. Nachukua kifungu kifupi, mistari miwili au mitatu, nakaa nacho wiki nzima na kukisoma kwa sauti. Siku ya kwanza natafuta kuelewa tu: nani anasema, anamwambia nani, na kwa sababu gani. Siku zinazofuata naacha kuuliza kifungu kinanifariji vipi. Nauliza ni nani katika habari hii anayekaa mahali pa mtu ninayemkwepa mimi. Jina lake naliandika kwenye daftari, na kando yake tendo dogo la kumtendea kabla jua halijazama: kuwa wa kwanza kumsalimia, kumlipa deni lake, kumtetea anaposengenywa, kumpelekea dagaa nikisikia nyumbani kwake hakuna mboga. Jioni narudi kwenye daftari kuona kama nimelitenda. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anauliza kuna faida gani kumtakia heri mwenye njaa bila kumpa chakula. Mimi naliona somo la siku lisilozaa tendo kuwa somo ambalo halijaisha.

Tuchukue mfano wa Mambo ya Walawi 19:33-34. Hapo Israeli inaagizwa isimwonee mgeni akaaye katika nchi yake, impende kama nafsi yake, kwa sababu nayo ilikuwa ngeni Misri. Kwetu mgeni huyo ana sura. Warundi walivuka mpaka kuja kwetu mwaka 1972. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa kijiji cha Kagunga, kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikawaandama huku meli ya Liemba ikiwaleta Kigoma. Lakini uzito wa kifungu uko kwenye ile sababu: nanyi mlikuwa wageni. Kiha, lugha yetu, na Kirundi vinasikilizana, na kwa sababu hiyo mtu wa Kigoma akifika mbali na nyumbani hushukiwa kuwa si raia, huulizwa vyeti na asili ya babu yake. Uchungu huo tunaujua na tumeulalamikia miaka mingi. Walawi inatutaka tuutumie: unayejua ladha ya kuitwa mgeni kwenu, utamwitaje aliyevuka mpaka bila kitu? Dharau zetu mara nyingi humwangukia mtu wa karibu, tunayefanana naye, kama Myahudi na Msamaria waliokuwa na vitabu vilevile vya Musa lakini wakagombania mahali pa kuabudia.

Mwambao huu unao ushahidi wa mtu aliyeishi hivyo. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa, kisha akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema, kusini mwa Kigoma kando ya ziwa hili, mwaka 1889, akawa daktari na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa na binadamu wenzake alitumia zaidi ya miaka 60 kutibu watu wasio wa kabila lake. Siwezi kuutenganisha utumishi huo na Neno alilolifundisha.

Wapo watakaosema kumtendea mtu mema bila kumpenda ni unafiki, na kwamba hata Msamaria wa Luka 10 alianza kwa kuona huruma. Hoja ina uzito. Ila someni tena mpangilio wa habari: kuhani na Mlawi walimwona yule majeruhi wakapita kando, Msamaria alifika pale alipolala, ndipo akamhurumia. Huruma hatuna uwezo wa kuiamuru. Kusogea tunao. Wengine watasema Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, nao wanapokea wageni na kugawana futari na jirani bila kusoma Biblia yetu. Ni kweli, na Yesu alimteua mtu wa ibada nyingine kuwafundisha wasikilizaji wake, kwa hiyo jina la jirani Mwislamu liingie kwenye daftari pia, mara nyingine likiwa jina la mwalimu. Kuhusu muda, mvuvi wa Kibirizi hurudi alfajiri akiwa hoi, sitamwambia asome asubuhi. Asome kabla ya kushusha mtumbwi, na siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa, akae na kifungu chake kwa utulivu zaidi.

Na kama jina likiandikwa wiki baada ya wiki na moyo usilainike, endelea kutenda. Yule mwenye njaa anashiba leo, hata kama wewe hujabadilika bado. Basi fungua Walawi 19 leo, soma mistari hiyo miwili, andika jina moja, na umwendee mwenye jina hilo kabla ya Jumapili.