Mkeka wa Mafia na Hesabu ya Vikundi

Kikundi chenye fahirisi yenye kikomo ni nini, na mkeka unaingiaje hapa?

Wanawake wa Mafia husuka ukindu, mwingine mweupe na mwingine uliotiwa rangi, wakapata kili ndefu zinazoshonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukamilike. Chukua mkeka wa miraba midogo inayofanana, uuwaze hauna pindo, unaendelea pande zote bila mwisho. Misogeo yote inayouhamisha mchoro ukajiangukia wenyewe, hatua moja kulia, tatu juu na kadhalika, ndiyo kundi: misogeo miwili ikifuatana huzaa msogeo, na kila msogeo una wa kuurudisha. Sasa tia rangi nusu ya miraba, kwa mpangilio unaojirudia kila hatua mbili, kulia na juu. Misogeo isiyovuruga rangi ni nusu tu ya ile ya mwanzo. Misogeo hiyo nayo ni kundi ndani ya kundi, yaani kikundi, na kwa kuwa ni nusu, fahirisi yake ni 2; fahirisi ikiwa namba kamili kama hii, tunasema ina kikomo. Njia ni tatu tu: kupishanisha rangi kwa safu za wima, kwa safu za ulalo, au kwa mtindo wa drafti. Fahirisi 3 ina vikundi 4, na fahirisi 6 ina 12. Kanuni ni kujumlisha vigawo vya namba: 1, 2, 3 na 6 hufanya 12.

Idadi hizo zinatuambia nini kuhusu kundi lenyewe?

Habari imo katika kasi ya kuongezeka kwake. Mkekani, jumla ya vigawo vya n haizidi kamwe n mara n. Linganisha na kundi huru la vizalishi viwili, yaani hatua mbili zinazozaa misogeo mingine yote, ambamo kulia kisha juu si sawa na juu kisha kulia, wala hakuna sharti lolote jingine. Marshall Hall alichapisha kanuni yake mwaka 1949, na idadi huanza 1, 3, 13, 71, 461. Kwa fahirisi 5, basi, mkeka una vikundi 6 na kundi huru lina 461, na kinachoyatenganisha ni sharti moja tu, kwamba mkekani hatua hubadilishana zamu bila madhara. Mwaka 1993 Alexander Lubotzky, Avinoam Mann na Dan Segal walithibitisha jambo pana zaidi. Chukua kundi lenye vizalishi ambavyo idadi yake ina kikomo, ambalo vikundi vyake vya fahirisi yenye kikomo vinatosha kutofautisha kila msogeo na kutosogea kabisa. Idadi ya vikundi hivyo hubaki chini ya polinomia pale tu ambapo ndani ya kundi hilo mna kikundi cha fahirisi yenye kikomo kilichojengwa kwa tabaka chache za makundi yenye hatua zinazobadilishana zamu, tena chenye renki yenye kikomo, yaani kuna kikomo kimoja cha idadi ya vizalishi vinavyohitajika kwa kila kikundi cha ndani yake chenye vizalishi vyenye kikomo. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote: umbo la ndani limesomwa kwa kuhesabu tu.

Lakini je, makundi mawili tofauti hayawezi kuwa na idadi zilezile?

Yanaweza, na pingamizi hili linastahili jibu kamili. Waza mchoro ambao kila hatua ya kupanda hugeuza kulia kuwa kushoto, kama kwenye kioo. Hapa hatua hazibadilishani zamu. Hata hivyo, ili kupata kikundi cha fahirisi n, unachagua kigawo k cha n kiwe urefu wa hatua ya kulia, kisha hatua ya kupanda inaweza kuelekezwa kwa namna k. Ukijumlisha unapata vigawo vilevile vya n. Idadi zinalingana na za mkeka wa kawaida kwa kila n. Hoja haivunjiki, kwa sababu ukipanda mara mbili kioo kinajifuta, hivyo nusu ya misogeo ya mchoro huu ni mkeka wa kawaida. Hesabu imesema kweli kuhusu umbo kubwa, ikanyamazia undani. Undani hupatikana kwa kuhesabu kwa masharti zaidi. Ukihesabu vile vikundi tu visivyobadilika tukihamishia macho sehemu nyingine ya mchoro, kwa fahirisi 3 mkeka wa kawaida unabaki na vyote 4, ule wa kioo unabaki na 1.

Na kundi lisilo na vikundi vya namna hiyo?

Lipo. Graham Higman alilijenga mwaka 1951 kwa vizalishi vinne: halina mwisho, na halina kikundi cha fahirisi yenye kikomo isipokuwa lenyewe zima. Ndiyo maana Lubotzky na wenzake waliweka sharti kwamba vikundi vitoshe kutofautisha kila msogeo na kutosogea. Kwa kundi la Higman inabidi kutafuta chombo kingine.