SOMO LA ROBO HII: Serikali Inapoorodhesha Watu Wake

Lengo: Baada ya somo hili wanakamati waweze kueleza kwa nini mahakama huiwekea serikali mipaka inapokusanya habari za raia, na wapime daftari zao wenyewe kwa kipimo hicho hicho.

Utangulizi

Ndugu wasomaji, kila serikali inahitaji kujua watu wake ni wangapi na wanaishi wapi. Bila hivyo haiwezi kupanga shule wala zahanati. Lakini orodha ile ile inayompatia mtu huduma inaweza pia kutumika kumfuatilia au kumnyima haki yake. Je, nani anaamua mpaka uwe wapi? Tujifunze kwa jirani zetu wa Kenya.

Kesi ya Huduma Namba

Mwishoni mwa mwaka 2018 Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyoanzisha mfumo mmoja wa utambulisho wa watu, maarufu kama Huduma Namba. Sheria hiyo iliruhusu kuchukua alama za vidole, mboni ya jicho, umbo la sikio, sauti na hata vinasaba. Iliruhusu pia kurekodi kwa setilaiti mahali hasa mtu anapoishi.

Mapema mwaka 2019 mashirika matatu yalikwenda Mahakama Kuu, likiwemo Nubian Rights Forum, linalotetea Wanubi. Jamii hii ilikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa miaka mingi vijana wake walipitishwa kwenye kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho. Walijiuliza: kama huduma zote zitategemea namba hiyo, asiye na kitambulisho atakwenda wapi?

Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama ilitoa amri ya muda. Uandikishaji uliruhusiwa kuendelea, ila serikali isichukue vinasaba wala vipimo vya setilaiti, isimlazimishe mtu, na isimnyime huduma asiyejiandikisha. Katika zoezi hilo waliandikishwa watu zaidi ya milioni 36.

Hukumu ilitolewa tarehe 30 Januari 2020 na majaji watatu: Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir. Walalamikaji hawakupata kila walichoomba, kwani mfumo wenyewe haukufutwa. Lakini Mahakama ilisema mambo matatu ya msingi:

1. Kuchukua vinasaba na vipimo vya setilaiti ni kuingilia faragha bila ulazima, hivyo ni kinyume cha Katiba.
2. Kazi isiendelee mpaka kuwe na utaratibu kamili wa kisheria wa kulinda habari zilizokusanywa. Sheria ya kulinda taarifa ilikuwa imepitishwa Novemba 2019, baada ya watu kuandikishwa, na kanuni za kuitekeleza zilikuwa hazijawekwa.
3. Wapo wanaoweza kuachwa nje, yaani wasio na hati na wale ambao alama zao za vidole hazisomeki. Sheria lazima iwafikirie.

Serikali ilitoa kanuni mwaka 2020, na Novemba mwaka huo ikaanza kutoa kadi. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha hatua hiyo, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kwa faragha ya watu kama sheria inavyotaka. Mwaka 2023 serikali mpya ilileta mpango mwingine, Maisha Namba, nao pia ukafikishwa mahakamani.

Tunajifunza nini?

Mahakama haikuikataza serikali kuhesabu watu. Iliitaka ichukue kile kinachohitajika tu, iweke ulinzi kabla ya kukusanya, na isimwache mnyonge nje. Mipaka hiyo haikujileta yenyewe. Ilipatikana kwa sababu raia waliuliza, na mahakama ikasikiliza.

Hapa Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii haiigusi serikali peke yake, bali taasisi yoyote inayokusanya habari za watu, nasi tukiwemo.

Sharika zetu zina orodha za yatima, wajane, wakopaji na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Orodha kama hiyo ikibandikwa ubaoni, mama mmoja ataacha kuja kuchukua dawa ili majirani wasijue. Hapo msaada umegeuka kuwa madhara. Wafadhili nao tunawaomba: mnapohitaji taarifa, idadi na maelezo ya maendeleo mara nyingi yanatosha. Jina na picha ya mtoto si lazima viambatane na kila ripoti.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni habari gani tunazichukua kwa walengwa ambazo hatujawahi kuzitumia? Je, tuendelee kuziuliza?
2. Daftari zetu zinakaa wapi, na nani ana ufunguo?
3. Mtu akikataa kupigwa picha, je, anapata msaada sawa na wengine?
4. Nani katika usharika wetu hana hati yoyote, na tunamfikiaje?

Tunashauri kila kamati ichague jambo moja la kurekebisha kabla ya robo ijayo, na iliandike kwenye muhtasari wa kikao.