Sarafu ya Shaba Iliyolika: Namna ya Kuipima Kabla ya Kuuza au Kununua

Sarafu za shaba za enzi ya Wajerumani bado huonekana Tabora, Igunga, Ziba na kwingineko kando ya njia ya zamani ya misafara. Nyingi zimelika. Muuzaji hutaja bei kubwa kwa kuwa sarafu ni ya kale. Mnunuzi hutoa bei ya chuma chakavu kwa kuwa imelika. Hoja zote mbili ni pungufu, kwani kulika kuna madaraja.

Kwanza itambuliwe. Pesa ya mwaka 1890 hadi 1892 ina maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai upande wa pili. Heller, iliyoanza mwaka 1904, ina taji. 100 kati ya hizo zilifanya rupia moja, na ndiyo iliyotuachia neno “hela”. Mwaka 1916, vita vilipokata njia ya meli, sarafu zilipigwa katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na mji wa Tabora, nazo zina herufi T.

Kipimo kinachotumika duniani ni cha 1 hadi 70. Dkt. William Sheldon alikitunga mwaka 1949 kwa ajili ya senti kuukuu za shaba za Marekani. Sarafu zetu zilizolika hukaa chini kabisa. Daraja la 1, aina yake yatambulika kwa shida. La 4, mzingo wa taji au shada unaonekana lakini ndani ni bapa. La 8, baadhi ya mistari ya ndani imesalia. La 12, mingi yaonekana. Tofauti hizo ndogo hubadili bei sana.

Hata hivyo, kulika si sawa na kuharibika. Tundu la mkufu, mkwaruzo na kutu ya kijani hupunguza thamani hata kama maandishi ni kamili, hivyo yatajwe peke yake. Sarafu za Tabora zina tatizo jingine: zilipigwa kwa haraka, na nyingine zilitoka zikiwa hafifu. Palipolika huwa laini, na herufi huyeyukia ukingoni. Penye hafifu ya kiwandani, herufi za jirani huweza kubaki kali. Anayeshusha daraja bila kutazama hilo anampunja mwenye mali.

Tunasisitiza: sarafu isisuguliwe kwa ndimu, majivu wala mchanga. Ngozi ya kahawia ikiondoka hairudi, na mnunuzi mzoefu huitambua mara moja. Wala isikwanguliwe ili kujua kama heller 20 ni ya shaba nyekundu, iliyo adimu zaidi, au ya shaba ya njano. Itazamwe ukingoni, mchana, kwa kioo cha kukuzia.

Rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo, ina uzito wa takriban gramu 7.2, na robo tatu yake ni dhahabu. Ya bandia ya shaba, ikiwa na ukubwa uleule, huwa nyepesi. Ipimwe kwa sonara mbele ya macho yako.

Ukiambiwa kuwa sarafu yako itapelekwa mjini kupimwa, dai kwanza hati yenye mwaka, herufi, uzito, kasoro zote na picha ya pande mbili, iliyosainiwa na anayeichukua.