Mali Ikiuzwa Hairudi? Somo la Khiyari kwa Tunaouza Mtandaoni



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu hapa chuoni tunauza kitu. Huyu anauza vitenge, yule simu zilizotumika, mwingine manukato na kanzu. Duka ni simu ya mkononi, na meza ya kupangia bidhaa ni status ya WhatsApp. Mimi nauza ndagala za Rumonge. Mama huzinunua mwaloni, huzipakia kwenye gari linalokuja Bujumbura, nami huzipeleka kwa walioagiza. Faida yake ndiyo inayonilipia chumba na sehemu ya minervali.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne, kama saa nne hivi, nilipokea picha kutoka kwa dada mmoja wa Buyenzi. Ilikuwa picha ya beseni la maji, na chini ya maji kuna tabaka la mchanga. Akaandika: “Mdogo wangu, nimenunua ndagala au nimenunua ufuo wa ziwa?” Alikuwa ameagiza kilo sita kwa ajili ya hitma ya baba yake, na hitma yenyewe ilikuwa kesho yake. Aliomba nizichukue nimrudishie pesa zake, ili awahi sokoni asubuhi.

Pesa zile nilikuwa nimeshalipa chuoni. Sikumwambia hivyo. Nilimrushia picha ya tangazo langu, ambalo chini kabisa lina maneno: “Mali ikiuzwa hairudi.” Nikaongeza, “Samahani dada, hayo ndiyo masharti, na uliyaona.” Hakujibu tena.

Ili somo lieleweke, lazima niseme kitu kuhusu ndagala zenyewe, maana wenzetu wa kutoka milimani huziona zikiwa tayari sokoni tu. Wavuvi wa Rumonge huvua usiku kwa taa, na alfajiri samaki hao wadogo hupokelewa na wakaushaji, wengi wao wakiwa akina mama. Kuna namna mbili za kukausha. Ya zamani ni kumwaga ndagala juu ya mchanga wa ufuo. Ya pili ni kuzianika juu ya kichanja, yaani meza ya miti iliyotandikwa wavu, ambapo hewa hupita juu na chini. FAO ni miongoni mwa waliosaidia kueneza vichanja hivyo kandokando ya ziwa upande wetu. Ndagala za kichanja ni safi, na bei yake iko juu. Picha niliyokuwa nimeweka kwenye status ilikuwa ya kichanja, na maandishi yalisema “ndagala za kichanja, safi kabisa”.

Wiki ile mvua ilinyesha sana. Mama alinipigia akaniambia: “Mwanangu, za kichanja hazikutosha, nimejazia na zilizoanikwa chini.” Nilimsikia vizuri. Nikachanganya, nikafunga, nikapeleka.

Wiki tatu baadaye tukafika kwenye mlango wa khiyari katika fiqhi ya biashara. Khiyari ni haki ya kuendelea na mauziano au kuyavunja. Zipo za aina kadhaa, na nitakaa zaidi kwenye ile iliyonigusa, khiyari ya kasoro, ambayo vitabu huiita khiyari ya ayb. Mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwepo kabla hajapokea bidhaa, na hakuijua, ana haki ya kuirudisha na kuchukua thamani aliyolipa. Haki hii haihitaji kuandikwa kwenye mkataba. Ipo hata kama hakuna aliyeitaja.

Kasoro ni nini? Wanazuoni wa Kishafii wameiwekea kipimo kizuri: ni upungufu unaoshusha thamani ya kitu, au unaokosesha lengo sahihi, na ambao kwa kawaida vitu vya jinsi ile havina. Hapo kwenye “kwa kawaida” pananipendeza. Mtu akinunua ndagala zilizoanikwa mchangani, akakuta mchanga kidogo, hana dai, maana anajua alichonunua. Lakini mchanga uleule ndani ya ndagala zilizouzwa kwa jina la kichanja ni kasoro. Kwa hiyo neno moja la tangazo lako ndilo linaloamua kama mchanga ni kasoro au si kasoro. Na tukumbuke kwamba mchanga una uzito. Dada yule alilipia kilo sita, na sehemu ya kilo hizo ilikuwa ardhi ya Rumonge. Aliyesoma mwanzo wa Suratul Mutaffifin hahitaji maelezo yangu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa ujanja, kana kwamba ni swali la mtu mwingine: “Ustadhi, na muuzaji akiwa ameandika wazi kwamba mali hairudi?”

Ustadhi akatueleza kwamba fiqhi inalijua sharti hilo tangu zamani, na jina lake ni kuuza kwa baraa, yaani muuzaji kujivua dhamana ya kasoro. Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Abdullah bin Umar (R.A.), aliyemuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo. Mnunuzi akadai kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakapelekana kwa Uthman bin Affan (R.A.). Uthman akaamua Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuwa akijua ugonjwa wowote kwake. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye yule mtumwa akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Wenzangu darasani walifurahia ile faida ya mwisho. Mimi nilibaki kwenye kiapo. Nilijaribu moyoni: Wallahi, siku nilipouza sikujua kuwa ndani mna mchanga. Ulimi haukwenda.

Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kama alivyoiweka Imam Nawawi katika Minhaj, ni nyembamba kuliko nilivyotarajia: sharti la baraa humwokoa muuzaji na kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, basi. Kasoro nyingine haimwokoi nazo. Ndagala zilizokauka si mnyama anayekula na kuficha maradhi tumboni, na mimi nilikuwa najua. Tangazo langu lilikuwa mapambo tu.

Na kabla hata ya kufika kwenye khiyari kuna swali la udanganyifu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwenye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akasema neno zito juu ya wanaodanganya. Angalieni kwamba mvua haikuwa kosa la yule mtu. Alichoulizwa ni kuhusu kuficha. Nami mvua ilininyeshea vilevile, nikaweka picha ya kichanja juu na mchanga chini.

Sasa tuje kwenye jambo linaloitofautisha biashara ya mtandaoni na ya dukani. Tunauza kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Katika kauli yenye nguvu ya Kishafii, kitu mahsusi ambacho hakijaonwa hakiuzwi. Kinachoruhusiwa ni kuuza kwa sifa zilizo katika dhima, yaani salam: unaahidi kilo sita za aina fulani na daraja fulani, na bei yote inalipwa palepale mnapokubaliana. Dada yule alinitumia pesa zote kwa Lumicash tukiwa bado tunaandikiana, kwa hiyo ustadhi aliliona jambo letu kuwa karibu na salam. (Wanaochukua nusu sasa na nusu mzigo ukifika wana mjadala wao. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipojadili Jeddah mwaka 1990 mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano liliikubali kwa ujumla, lakini likaiweka kando salam kwa sababu ya sharti hilo la kulipa papo hapo.)

Maana yake kivitendo ni hii. Ukiwa umeuza kwa sifa, na ulichopeleka hakina sifa ile, mnunuzi halazimiki kukipokea. Wewe bado unadaiwa kile ulichokiahidi. Kama kipo, mpelekee kilicho sahihi. Kama hakipatikani, yeye ndiye anayechagua, asubiri au arudishiwe pesa. Kuchagua si kwako. Wauzaji wengi husema “pesa hairudi ila chukua bidhaa nyingine ya thamani hiyo”. Hilo ni ombi unaloweza kumtolea mteja, lakini huwezi kumlazimisha.

Mnunuzi naye ana wajibu wake, maana wapo wanaotutesa. Akishaijua kasoro, katika madhehebu yetu anatakiwa arudishe bila kuchelewa, kwa kadiri ya desturi: akiwa anasali au anakula, amalize, ikiwa ni usiku, angoje asubuhi. Aliyevaa kitenge harusini baada ya kuona kimepasuka, kisha Jumatatu anataka pesa, amekwisha kuridhika nacho. Dada wa Buyenzi aliniandikia usiku uleule akiwa bado na mikono ndani ya beseni.

Kuna na maombi ya aina nyingine kabisa, ya mtu aliyebadilisha nia. Bidhaa ni nzima, ila ameona ya bei nafuu kwingine, au mume amekataa. Huyu hana haki ya kukulazimisha. Lakini ukikubali kumfungua unafanya iqala, na Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kwamba anayemfungulia Mwislamu mauziano yake, Allah humsamehe kuteleza kwake. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba iqala hufanywa kwa bei ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Ile desturi ya “nitakurudishia lakini nakata asilimia kumi” haimo. Nauli ya dereva ni jambo jingine, maana ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika, na vizuri mtaje mapema nani anaubeba.

Kwa wauza simu zilizotumika, ambapo mteja huja kuiona na kuishika, ningependekeza muandike khiyari ya sharti, siku tatu za kujaribu betri na kamera. Siku tatu ndiyo mwisho wake kwetu Washafii. Kwa ndagala haifai, kwani salam haiingiliwi na khiyari hiyo.

Baada ya darasa nilimfuata ustadhi nje nikamweleza kwamba yule muuzaji ni mimi. Bado nilikuwa natafuta upenyo. Nikamwambia dada alizipika siku ya pili yake, tena akijua zina mchanga, je, hajapoteza haki? Akaniuliza: “Nani alimfungia mlango wa kurudisha?” Akasema mtu aliyeomba kurudisha kwa wakati akakataliwa, na wageni wako njiani, hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhika. Sasa bidhaa haipo tena, kwa hiyo kinachobaki ni arshi, fidia ya upungufu. Na aliyeficha kwa makusudi ana toba ya kufanya juu ya hiyo fidia.

Tukakaa chini ya mwembe tukapiga hesabu. Arshi haitolewi kwa kukisia. Unalinganisha thamani ya kitu kikiwa kizima na thamani yake kikiwa na kasoro, kisha unachukua uwiano huo kutoka kwenye bei mliyouziana. Siku zile sokoni kilo ya kichanja ilikuwa faranga 50,000, na iliyochanganyika na mchanga 40,000. Upungufu ni moja ya tano. Mimi nilimuuzia kwa 45,000, hivyo moja ya tano yake ni 9,000 kwa kila kilo. Kwa kilo sita, faranga 54,000. Nilikuwa nimejiandaa kutoa 60,000, yaani tofauti ya bei za sokoni, lakini ustadhi akasema haki ni hiyo. Nikitaka kuongeza, niongeze kama hiba na nimwambie kuwa ni hiba.

Sikuwa nazo zote. Nilimpigia dada badala ya kumwandikia. Nikamwambia yote, pamoja na lile la mama kunieleza kuhusu zilizoanikwa chini. Akanyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kilichomuumiza hitmani hakikuwa mchanga. Mashangazi zake walimuuliza kwa nini ameshindwa kumnunulia baba chakula kizuri, naye hakuwa na jibu.

Nilimtumia 30,000 siku ile na zilizobaki mwisho wa mwezi. Kwa mama nilieleza taratibu, naye akaniambia jambo ambalo mwanafunzi wa fiqhi sikulifikiria: za chini zifungwe mfuko wake, ziuzwe kwa jina lake na bei yake, maana wapo wanaozitaka kwa sababu ni rahisi. Tangu hapo tunafanya hivyo. Picha napiga ya mfuko wenyewe unaokwenda kwa mteja, na siku esansi ikikosekana mzigo ukachelewa njiani, naandika kuwa umechelewa.

Wiki mbili zilizopita dada wa Buyenzi aliagiza tena, kilo mbili. Aliandika: “Za kichanja. Na safari hii fungua mfuko, ingiza mkono hadi chini, unitumie video.”

Nilituma.

Wallahu a’lam.